Dosie Iko mu Delibere: Mwongozo kwa Mwenye Kusubiri

Kambo, bibi yangu, hajaketi darasani hata siku moja, lakini ndiye aliyelielewa jambo hili kabla yetu sote. Nilipomweleza kwamba kesi ya parcelle, kiwanja cha marehemu baba, imesikilizwa mpaka mwisho, mawakili wamesema yote waliyokuwa nayo, na sasa dosie imeingia delibere, majaji wakaitafakari na kuandika hukumu, aliacha kuchambua maharage akaniuliza: "Iyo Delibere iko upande gani? Ni mbele ya Pweto ao nyuma?"

Tulicheka. Sisi wa Kasomeno tunakaa kwenye njia ya Kasenga, pale barabara ya Pweto inapochepuka, na kwetu jina lolote usilolijua ni kijiji ambacho lori lako halijafika. Tangu siku ile nimevuna mahindi mara tatu dosie ikiwa huko huko, na sicheki tena. Delibere ni mahali kweli. Ina wenyeji wake na majira yake. Kuingia ni rahisi, kivuko cha kurudi ndicho hakina saa. Nimekaa ukingoni muda wa kutosha kuandika mwongozo, nami nautoa bure kwa yeyote ambaye juzi jaji alimwambia, kwa sauti nzuri ya Kifaransa, kwamba kesi imechukuliwa delibere na hukumu itatoka katika muda wa sheria.

Tuanze na huo muda wa sheria, kwa sababu ndipo wageni wanapoumia. Sheria ya mahakama ya tarehe 11 Aprili 2013 inasema kwamba mabishano yakifungwa, hukumu itolewe katika siku 30 kwa kesi za madai, za biashara na za kazi, na katika siku 10 kwa kesi za jinai. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 19, inaongeza kwamba kila mtu ana haki kesi yake isikilizwe katika muda unaofaa. Mtu akiyasoma hayo hujikuta anahesabu vidole: leo tarehe 5, basi mwezi ujao tarehe 5 nitakuwa nyumbani na karatasi yangu. Usihesabu. Siku 30 za sheria ni kama unga wa sokoni, yategemea meka ya kupimia ni ya nani.

Kanuni ya kwanza ya mwongozo huu, na wenye haraka wanaweza kuisoma hiyo tu wakaenda zao: ukitaka kuwa na kesi ya parcelle, hakikisha wewe ndiwe unayeikalia. Usiwe mlalamikaji. Mlalamikaji ni mtu wa kutembea na bahasha. Mwenye kukalia ni mtu wa kununua saruji.

Fikiria Mazembe wanacheza pale Kamalondo. Dakika 90 zimekwisha, mabao yote mmeyaona, hata wale waliokaa juu ya miti wameyaona. Refa anapuliza kipenga, anatia daftari mfukoni na kusema: matokeo mtatangaziwa. Anapanda gari, anaondoka. Mashabiki hawajui waimbe ama walie. Lakini yuko mmoja ambaye hana shida yoyote, naye ni yule aliyekuwa ameshika mpira refa alipoondoka. Anaupeleka nyumbani. Watoto wake wanaucheza.

Kesi yangu ilipoingia delibere, mpinzani wangu alikuwa amechimba msingi tu, kule upande wa commune Annexe ambako mji wa Lubumbashi unazidi kujitanua kila mwaka. Nilihesabu miezi kwa kalenda mwanzoni, baadaye nikaona kalenda inanichosha, nikaanza kuhesabu kwa nyumba yake. Delibere ya msingi. Delibere ya ukuta. Delibere ya mabati. Siku moja nilipita pale na manseba, pikipiki ya abiria, tukasimama kidogo, nikaona madirisha yana vioo. Dereva akaniuliza kama ni nyumba yangu. Nikamjibu kwamba ndilo swali lenyewe lililo mbele ya tribinali.

Na usidhani nchi hii haijui kuhesabu siku. Inajua sana. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ile iliyosema udongo wote ni mali ya Dola, inasema pia kwamba sertifika ya kuandikisha ikishatimiza miaka 2 haishambuliki tena. Miaka 2 hiyo huenda barabara kama saa ya mmisionari. Sijasikia hata mara moja kwamba sertifika ya mtu ilichelewa kukomaa kwa sababu ya mgomo, mvua au umeme wa SNEL. Kinachochelewa ni kile kingine.

Sasa safari zenyewe. Anayekaa mjini anaweza kupita tribinali akitoka sokoni, mtu wa Kasomeno hawezi. Yeye huamka usiku, hupanda juu ya magunia ya makala, na akifika mjini mweusi kama shehena yake, hatakiwi kuonekana hivyo mbele ya jaji. Kwa hiyo unahitaji koti. Usinunue. Koti la tribinali huazimwa, na lile letu linajulikana kijiji kizima: limehudhuria kesi nne, harusi mbili, na matanga sijui mangapi. Mwenye koti akifa kabla ya hukumu yako, jipange mapema na warithi wake, usije ukazua kesi nyingine.

Utalala kwa ndugu, kwenye commune ya Katuba au ya Kenya, na hapo kuna utaratibu. Safari ya kwanza peleka gunia zima la makala na samaki wa Luapula waliokaushwa vizuri. Utapewa kitanda cha mtoto mkubwa, na bukari itaiva na kuku. Safari ya pili nusu gunia, utakula lengalenga. Kufikia safari ya sita utakuwa unafika mikono mitupu, unalala kwenye kiti cha sebuleni, na watoto wa nyumba watakuwa wamekupa jina. Mimi naitwa Baba Delibere. Mdogo wao, aliyezaliwa kesi ikiwa imekwisha kuingia huko, anaamini ndilo jina nililobatizwa. Shemeji hajanifukuza, namshukuru, ila siku hizi nikibisha hodi huuliza swali moja kabla ya kufungua: "Bamesema?" Nikijibu bado, nasikia anavuta pumzi ndipo komeo linafunguka.

Ukifika tribinali (yangu siitaji jina, dosie yangu ingali mikononi mwao) usikimbilie kwa mtu. Nenda kwanza kwenye valve, ule ubao wa nje wanakobandika orodha za audiansi. Mkongo mwenye kesi husoma valve kama mkulima anavyosoma mawingu. Tafuta namba yako ya RC, ile ya daftari la kesi za madai. Jina lako ni la nyumbani na kanisani, hapa wewe ni namba, na uijue kwa moyo kuliko tarehe ya ndoa yako. Ukiiona kwenye safu ya hukumu zitakazosomwa, usipige kelele. Karatasi ya valve huwekwa na upepo na huondolewa na upepo. Nimeiona namba yangu pale mara mbili. Mara ya kwanza Prezida wa chumba hakuja. Mara ya pili alikuja, akaisoma orodha yote, akairuka yangu, akaendelea na ya chini yake kama mtu anayeruka dimbwi.

Baada ya valve ndipo grefie, karani wa mahakama. Hapa wengi huharibu. Huingia ofisini na kuuliza, "Hukumu yangu itatoka lini?" Swali hilo ni tusi. Linamlazimisha mtu mzima aseme uongo asubuhi. Ingia taratibu, usalimie, uulize habari ya nyumbani, uulize watoto wamefaulu vipi, usikitike juu ya mshahara ambao haujapanda, uyasifu madaftari yalivyopangwa vizuri ingawa kabati halina mlango. Ukishamaliza, geuka kama mtu anayeondoka, kisha ukumbuke jambo dogo: "Ee, papa, na ile RC yetu?" Atatazama dari. Atakuambia: "Bado iko mu delibere. Mutarudia." Kuna atakayeongeza kwamba majaji wamekosa karatasi, au wino wa mashine umekwisha, kisha akanyamaza kwa namna ya kukuachia nafasi. Ukimya huo una bei, nao hauna risiti. Wenye maarifa hujifanya wazito wa masikio. Mimi niliwahi kununua rima nzima ya karatasi nikaileta kwa mikono miwili mbele ya watu wote, nikadai ipigwe muhuri kwamba imepokelewa. Ilikataliwa kwa heshima kubwa. Wakaniambia tribinali halikosi karatasi.

Majira pia uyajue. Mwaka wa mahakama huanza 15 Oktoba na kufungwa katikati ya Agosti. Katikati hapo ni likizo, na delibere iliyoingia Julai ujue imekwenda kulala. Oktoba majaji hurudi wakiwa na majoho safi na hotuba nzuri kuhusu uharaka wa haki, mvua za kwanza zinanyesha, barabara ya Kasenga inageuka uji, na sasa wewe ndiye usiyeweza kufika. Januari ni mwezi wa kurudia kazi. Machi, Aprili, hivi, mambo husogea kidogo. Mei kuna fununu za mgomo. Juni unaambiwa ujiandae, itasomwa kabla ya likizo.

Wakati wa kusubiri, tazama televisheni ya RTNC usiku, hasa wanapoanza kusoma ordonansi za uteuzi. Zamani tulikuwa tunasikiliza kujua nani amepata cheo. Mwenye dosie iliyo delibere husikiliza kwa sababu nyingine: anaomba Mungu jina la jaji wake lisitajwe. Maana Tribunal de grande instance huketi na majaji watatu, na hukumu lazima itolewe na wale wale walioisikia kesi. Mmoja akipandishwa cheo akapelekwa jimbo lingine, wawili waliobaki hawawezi kumalizia bila yeye, na anayekuja mahali pake hajasikia kitu. Kesi inarudi mwanzo, mbele ya watatu wapya, na mawakili wale wale wanasimama kusema maneno yale yale, ila sasa wanayasema vizuri zaidi kwa sababu wamefanya mazoezi. Niliona mwanamke mmoja analia kwenye ngazi kwa sababu jaji wake amepandishwa cheo. Watu waliopita walidhani ni mkewe.

Nitawatendea majaji haki katika hili, kwa kuwa mwongozo usio na haki ni matusi tu. Mtu anayepokea mafaili marefu kuliko yeye, anayeandika hukumu zake kwa kalamu usiku SNEL ikiwa imekata, ambaye kila hukumu ya parcelle anayoisaini inamletea adui mmoja mpya mwenye pesa na mwingine asiye nazo, ana sababu zake za kuiacha dosie ikae. Serikali inajua. Mwaka 2015 yalifanyika Mabaraza Makuu ya Haki, mkutano wa taifa kuhusu mahakama, mjini Kinshasa. Mwaka 2023 mahakimu wapya waliteuliwa kwa maelfu. Novemba 2024 Rais Tshisekedi akafungua tena Mabaraza Makuu, safari hii kwa swali la kidaktari: haki ya Kongo inaugua nini, na dawa yake ni ipi? Kwa siku kadhaa wataalamu walimzunguka mgonjwa, wakampima, wakaandika mapendekezo mengi. Nilimuuliza grefie kama amesikia matokeo. Akasema mapendekezo yanachunguzwa. Sikutaka kumuuliza kama yako delibere.

Sasa tuingie kwenye dawa za mwenye kesi mwenyewe, maana zipo, na ni za sheria kabisa.

Ya kwanza ni barua. Barua ya Kikongo ya kulalamika ina sehemu mbili: malalamiko, ambayo huchukua mistari minne, na orodha ya wanaopewa nakala kwa taarifa, ambayo huchukua ukurasa mzima. Unamwandikia mkuu wa tribinali, nakala kwa Premier Président wa Cour d'appel, kwa Procureur général, kwa Baraza Kuu la Mahakimu, kwa Inspection générale ya huduma za mahakama, kwa Waziri wa Haki na Mtunza Mihuri, kwa Gavana wa Haut-Katanga, kwa Rais wa Jamhuri, na mwisho, ukiwa na imani, kwa Askofu mkuu. Usijali kama nakala hizo zitafika. Kazi yake si kufika. Kazi yake ni kuonekana chini ya ukurasa wa nakala moja ambayo mkuu wa tribinali ataisoma kuanzia chini kwenda juu.

Dawa ya pili ni kali, nayo wakili hukuambia kwa kunong'ona. Sheria ya tarehe 19 Februari 2013, ya utaratibu wa Cour de cassation, inatambua kosa linaloitwa kunyima haki: jaji anayekataa kufanya kazi ya cheo chake, au anayezembea kuhukumu kesi iliyokwisha kuiva. Kuthibitisha kwake ni rahisi hata kupendeza. Unamtuma wisie, tarishi wa mahakama, ampelekee jaji onyo rasmi. Unasubiri siku 8 angalau. Unamtuma wisie tena na onyo la pili. Akinyamaza, basi kosa limesimama, nawe unaweza kumshtaki jaji mwenyewe kwa njia inayoitwa prise à partie.

Soma tena taratibu uone mitego ilipokaa. Mtego wa kwanza ni wisie. Yeye ni mtumishi wa nyumba ile ile. Unamwomba achukue karatasi kwenye meza yake, atembee kwenye korido, abishe mlango wa mtu anayemwamkia kila asubuhi, na amkabidhi onyo. Kisha arudie baada ya siku 8, kama hakuwa ameonekana vizuri mara ya kwanza. Wisie wangu alishikwa na malaria siku ile ile niliyomlipa ada. Alipona, nikamkumbusha, ikamrudia. Sijaona malaria yenye kuelewa utaratibu wa madai kama ile.

Mtego wa pili ni umbali. Prise à partie haisikilizwi hapa, ni kazi ya Cour de cassation, na Cour de cassation iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na wakili anayetakiwa ni yule aliyeandikishwa mbele ya korti hiyo. Kwa nauli na ada hizo unaweza kumnunua mpinzani wako pamoja na mabati yake.

Mtego wa tatu ndio ninaoupenda, na kila ninapousimulia Kasomeno watu hudhani nimetunga. Sheria inasema kwamba tangu siku jaji anapofikishiwa ombi lako la kumshtaki mpaka siku uamuzi utakapotoka, haruhusiwi kugusa kesi yoyote inayokuhusu wewe, mwenzi wako, wazazi wako na watoto wako. Ni busara, kusema kweli, nani anataka kuhukumiwa na mtu aliyemshtaki? Lakini fuata hesabu: umemshtaki kwa sababu hahukumu kesi yako, na kuanzia hapo ni marufuku kwake kuihukumu. Umempa kwa karatasi yenye muhuri kile alichokuwa anakifanya bila ruhusa. Na hayo mashtaka yako yatasikilizwa, yatafungwa, na yatachukuliwa wapi? Kambo alijibu kabla sijamaliza: "Delibere ya Kinshasa."

Ukichoka na ya kwetu, jifariji na ya wenzetu. Kenya, kanuni za madai za 2010 zinampa jaji siku 60 baada ya kesi kwisha. Akishindwa, lazima aandike sababu, nakala iende kwa Jaji Mkuu, na tarehe ya hukumu ipangwe papo hapo. Nampenda aliyetunga hilo: jaji aliyeshindwa kuandika hukumu anaandikishwa insha ya kwa nini hakuandika hukumu. India, Mahakama ya Juu ilichoka mwaka 2001 katika kesi ya Anil Rai, ikaamuru kwamba miezi 3 ikipita mwenye kesi anaweza kuomba hukumu itolewe upesi, na miezi 6 ikipita anaweza kuomba jaji mkuu amnyang'anye jaji yule dosie ampe mwingine. Nilimtafsiria grefie hayo yote. Alisikiliza vizuri, akasema Wahindi ni watu wengi.

Wapo watakaokuambia kwamba hukumu za Lubumbashi hazichelewi zote. Ni kweli. Juni 2016, Moïse Katumbi akiwa ametangaza anataka urais, Tribunal de paix moja ya mji huu ilimhukumu miaka 3 kwa mambo ya nyumba, tena yeye mwenyewe akiwa nje ya nchi. Nyumba, nawaombeni mzingatie: parcelle, kama mimi. Baadaye jaji mmojawapo alisema alishurutishwa kutia saini, naye akaikimbia nchi. Mwaka 2019 Cour de cassation ikaifuta hukumu ile. Kwa hiyo mtu akiniombea hukumu ya haraka huwa namwambia apunguze kidogo sala yake, aombe ya mwendo wa baiskeli.

Na ipo delibere ambayo sitaiandikia mwongozo. Ukipita njia ya gereza la Kasapa siku ya kutembelea wafungwa utawaona akina mama na vyungu vyao, bukari imefungwa kwenye kitambaa isipoe. Kuna ambao waume zao au watoto wao kesi zimekwisha kusikilizwa, wanangojea zile siku 10. Mimi nangojea nikiwa nalima. Niliongea na mama mmoja pale, nikataka kumwambia habari ya valve na koti, nikaona afadhali nimsaidie kubeba chungu.

Turudi kwenye yangu. Msimu huu wa mvua, wiki ya pili ya Februari, wakili alinipigia simu: "Papa, mukuye, njo kesho." Nikapanda makala, nikavaa koti, nikaketi benchi ya mbele. RC yangu ikaitwa. Prezida akasoma kwa dakika moja na nusu. Sikusikia vizuri kwa sababu ya mvua kwenye bati, nikamwangalia wakili, wakili akatabasamu, nikatabasamu. Nje akanieleza: tribinali limeamuru mabishano yafunguliwe upya, ili upande wetu ulete karatasi halisi ya mauzo. Karatasi hiyo ilipokelewa na grefie siku ya kwanza kabisa, na nilikuwa na muhuri wake wa kupokelewa mfukoni mwa koti. Tulirudi mbele ya majaji, tukaionyesha, wakaitazama kwa dakika chache, wakashukuru, wakafunga mabishano, wakachukua delibere. Mpinzani wangu alikuwa amekaa nyuma yangu na rangi ya bluu kwenye kucha. Alikuwa anapaka milango.

Halafu, wakati nimekwisha kuacha kuulizia, hukumu ikatoka. Siongezi chumvi, ilisomwa kweli, kwa sauti, mbele ya watu: tumeshinda. Parcelle ni yetu, yule aondoke. Nilimkumbatia wakili, nikamkumbatia wisie, nikamkumbatia na mpinzani kwa kupitiwa. Nikakimbia kwa grefie kuomba nakala.

"Kopi gani?"

"Ya hukumu."

Akatazama dari. Hukumu imesomwa, akasema, lakini haijapigwa kwenye mashine. Iliyosomwa ni sehemu ya mwisho, ya kuamua. Sababu zake bado ziko kichwani mwa jaji na kwenye karatasi za mkono. Nikamkumbusha, kwa adabu, kwamba Katiba kifungu cha 21 inasema kila hukumu iwe imeandikwa na iwe na sababu. Akakubali kabisa. Itaandikwa, akasema. Na nakala ninayoitaka mimi, yenye nguvu ya kumtoa mtu nyumbani, inaitwa grosse, neno ambalo kwa Kifaransa ni mwanamke mnene, ama mwenye mimba, kwa hiyo nisiiharakishe. Ikishatoka, wisie ataipeleka kwa mpinzani, kama afya yake itaruhusu. Kuanzia siku hiyo mpinzani atakuwa na siku 30 za kukata rufaa kwenye Cour d'appel, na hizo, akanihakikishia, zitahesabiwa moja moja.

Nilirudi Kasomeno usiku. Kambo alikuwa macho, jiko limebaki majivu. Aliniuliza kama imetoka Delibere. Nikamwambia imetoka, mama, leo imetoka. Akapiga makofi mara moja, polepole, akanisogezea kigoda.

"Na sasa imefika wapi?"

"Kwa mwenye kupiga mashine."

Akafikiri kidogo, akilipima jina hilo na vijiji vyote anavyovijua.

"Uko," akasema, "hata lori haifiki."